Niliuongezea Unene Mti wa Binti Yangu

Mshauri mpendwa, shikamoo kama umenizidi umri, na kama nimekuzidi basi marahaba. Mimi ni fundi cherehani, mama wa watoto wanne, naomba uniokoe kabla ya Ijumaa ijayo maana mkono wangu umeniponza.

Nianze na binti yangu wa pili, bila kumjua yeye hutaelewa shida. Huyu mtoto alisoma kabla meno ya mbele hayajarudi (sisemi kwa kujisifu, mtaa mzima unajua), na leo yuko chuo kikuu anasomea miti, si kupanda, kupanda hata mimi napanda, anasomea jinsi miti inavyonenepa siku hizi ambapo joto limezidi na misimu imehama. Majirani wanamwita Profesa na mimi wananiita Mama Profesa, nami sikatai.

Sasa kwa utafiti wake alichagua mitiki ishirini, mmoja ni huu wetu ulio nyuma ya chumba changu cha kushonea, akaufunga mkanda mwembamba wa chuma wenye springi, akaniambia, "Mama, wewe ndiye mtu wa vipimo. Kila Jumatatu soma hapa, uniandikie." Nikajiona waziri.

Mwaka huu mvua ziliwahi, mtiki ukatoa majani wiki tatu kabla ya siku zake, majani kama masinia, nikawaita wateja waone mti wa Profesa unavyojua kuwahi kama mwenyewe, lakini kila nikisoma mkanda, unene uleule, wiki inayofuata uleule, mvua zikakatika, jua likaja kali, juu mti umejaa majani na kiunoni haujaongezeka hata unywele, nikasema hapana, mti wa kwetu hauwezi kumwaibisha mtoto. Na kazi yetu unaijua, mteja ukimpima unaandika mwili ulivyo kwenye daftari la vipimo, halafu kwenye kukata ndipo unaachia nafasi ya kupumua. Basi na mti niliuandika hivyohivyo, ulivyo, kwenye daftari langu, katikati ya mke wa mchungaji na yule mwalimu mwenye mabega, halafu kwenye karatasi ya kumpelekea binti nikauachia nafasi. Milimita moja. Wiki iliyofuata, milimita mbili. Kwa mapenzi tu.

Juzi akapiga simu, sauti inaruka.

"Mama, miti kumi na tisa imetoa majani mapema lakini mashina yamegoma. Wa kwako peke yake unanenepa!"

"Si nilikwambia? Damu ya nyumba hii." Mdomo huu!

"Nitauandikia sura nzima. Ijumaa ijayo nasimama nayo mbele ya walimu wangu wote."

Tangu hapo kila nguo naishona kombo. Nikisema, nitamvunja moyo na ataniona mama mwongo. Nikinyamaza, atasimama mbele ya wasomi akitetea unene nilioushona mimi. Nifanyeje?

Mama Profesa

MSHAURI ANAJIBU

Mama Profesa, tuachane na shikamoo, muda hatuna. Barua yako nimeisoma nikicheka, kisha nikaacha kucheka. Mtoto alikupa kazi ya macho, wewe ukaifanya kwa moyo. Na aibu hiyo uliyokuwa unaikimbia, nani alikwambia ipo?

Nimemuuliza jamaa yangu, bwana misitu. Anasema majani ni jambo moja na mbao ni jingine. Mti unaweza kuamka mapema, lakini joto likizidi na udongo ukikauka, unafunga vinywa vya majani yake usipoteze maji, na shina linaacha kunenepa. Msimu umerefuka juu kwenye matawi, chini hakuna kilichoongezeka. Kutangulia si kufika, mama. Mti wako ulikuwa unasema kweli pamoja na wenzake kumi na tisa, wewe ukauziba mdomo.

Sasa pumua. Umeandika mwenyewe na hukuona ulichoandika: vipimo vya kweli unavyo! Vimekaa kwenye daftari lako, kati ya mke wa mchungaji na mabega ya mwalimu. Hakuna kilichopotea ila majivuno, na hayo naona akiba unayo.

Weka mkasi chini. Usipige simu, kwenye simu utaanza kupamba. Kesho asubuhi panda basi na daftari lenyewe, umkabidhi mkononi, useme, "Mwanangu, niliongeza. Za kweli ni hizi." Ukishasema, nyamaza. Usitaje mapenzi. Akikasirika mwache akasirike, ana haki. Na usimwombe akufichie. Awaambie walimu wake kwamba mpimaji alikosea na makosa yamesahihishwa. Mteja huachiwa nafasi. Mti hauachiwi.

(Kwa sababu ya ile Ijumaa, jibu hili tulimtumia mama huyu mapema. Kabla gazeti halijaenda mitamboni, alituletea mistari hii.)

Mshauri, nilikwenda. Alilisoma daftari ukurasa kwa ukurasa, nikajua nimekwisha. Kisha akaketi palepale kizingitini akashusha pumzi ndefu. "Afadhali, Mama! Walimu wangeniuliza kwa nini huu mmoja unanenepa, nami nimetafuta sababu mpaka kichwa kinauma." Nikamwambia sababu ndiyo hii imekuja na basi. Akaniita mwongo mara mbili, mara ya pili akicheka.

Ijumaa alisimama na miti ishirini inayosema neno moja, na kosa langu akalitaja wazi, akafaulu, wakampigia makofi (sisemi kwa kujisifu). Leo Jumatatu nimesoma mkanda. Unene uleule.

Nimeandika uleule.