Ini Langu la Kombe

Mpendwa mshauri,

Anayekuandikia ana ini bora kuliko yote mjini, na kungekuwa na mashindano ya maini kombe lingelala kwetu. Shule iliniacha njiani, lakini kuchomelea mageti nawashinda wenye vyeti, ila leo naomba msaada na usinicheke.

Mimi na kaka yangu tulizaliwa na homa ya ini aina ya B, tuliitoa kwa mama, mimi sijaumwa hata siku moja ila yeye amekonda na kabla ya saa nne asubuhi ameshaketi kwa uchovu, nami nikawa namtania karakana nzima ikisikia, kwamba mimi nondo yeye bati, na labda anakunywa kwa siri, wakati pombe hajawahi kuionja. Akapima damu, daktari akasifia majibu, akasema dawa zisubiri, tukacheka, kumbe tumbo lake linajaa maji.

Sasa amelazwa. Daktari haelewi majibu mazuri vile yalitoka wapi, mama anamtukana mpimaji, kaka anatazama dari. Nikauliza inakuwaje wakati kirusi ni kimoja, daktari akaniambia, "Wazazi mnao walewale, lakini kila mtoto hurithi kivyake. Kuna mwili unaokivumilia, na kuna ini linaloota makovu upesi."

Pale nikatoka wodini, nikaanza kukuandikia barua hii. Kwa sababu siku ya kupima kaka alikuwa na geti lake la kumaliza, akataka kuliacha aende, mimi nikamwambia, "Bro, tumbo moja, damu moja, niachie mimi." Nikaenda maabara, nikaitika jina lake, nikanyoosha mkono. Damu ile ni yangu, mshauri, na kaka ananifichia.

Nondo

*

Wewe Nondo,

Pole, na hiyo aibu usiitue bado, itakusukuma. Unajisifia ini kana kwamba ulilichomelea mwenyewe. Ulirithi tu, na kaka yako hakuchagua alichorithi.

Umeandika kwangu wakati daktari wake bado anadhani majibu yako ni ya kaka. Kunja gazeti hili, nenda wodini sasa hivi, umwambie daktari yote mbele ya mama, umwombe radhi na mpimaji. Kaka yako apimwe upya leo. Karakanani nako ukaseme kwamba hanywi.

Na kabla hujatoka hospitalini, maana kirusi bado unacho na ini zuri la leo si la milele, nyoosha mkono tena. Safari hii itika jina lako.