Mama, Majivu Alibana Maziwa

Mama yangu,

Mwaka huu Elia angekuwa mtu wa kulipa kodi. Asubuhi wamepita hapa vijana wa rika lake wakienda kwa jumbe, wanacheka, wanasukumana, nami nimesimama mlangoni na ungo wa kahawa mkononi nikiwatazama mpaka wakapotea bondeni. Ndipo nikasema basi, nitakuandikia. Barua hii sitaitia kwenye bahasha. Mwalimu wa kanisani amekubali kuwasomea akina mama siku yao ya kukutana, maana jambo lenyewe si letu peke yetu.

Unakumbuka ulivyonifundisha kukamua? Baba alikuwa Lupa, upande wa Mkwajuni, anachimba dhahabu ya watu, na nyumbani hapakuwa na mwanamume wa kushika kibuyu. Majirani walisema. Loo, walisema! Mwanamke anakamua, tena ana mimba! Ukawajibu, "Basi njooni mkamue ninyi, maziwa mniachie." Hakuja hata mmoja.

Majivu, yule ng'ombe wetu wa rangi ya majivu, alikuwa na ukorofi wake, lakini kwako alitulia. Ulinawa kwa maji ya uvuguvugu, ukampangusa kiwele, na matone ya kwanza ukayakamulia kwenye pindo la kaniki yako nyeusi. Kisha ukaniinamisha nitazame. "Ukiona punje nyeupe hapo, kama uji uliokatika, kiwele kinaumwa." Wala hukuinuka mpaka chuchu zote nne zimelegea. Maziwa ya mwisho ndiyo yenye mafuta, ulisema, na yakiachwa ndani yanageuka ugonjwa.

Halafu ndama akafa, miezi miwili tu. Ng'ombe wetu hawa hawashushi maziwa mpaka ndama aanze yeye kunyonya, kwa hiyo kila mtu alijua Majivu atakauka. Wewe hukubishana na mtu. Siku ndama alipozaliwa ulikuwa umempangusa ute kwa kaniki ile ile, na baada ya hapo ulimsugua nayo shingoni kila asubuhi. Sasa ukawa unaivaa kwenda kukamua. Ulimwachia Majivu pindo alambe, ukamwimbia polepole, na baada ya kitambo kiwele kinajaa, chuchu zinasimama, maziwa yanashuka. Kaniki ile haikuona sabuni, mama! Nilikuwa naona aibu ukiivaa kwenda kisimani, ilivyonuka. Ukacheka, ukasema, "Ng'ombe hanyang'anywi. Anakupa akikuamini."

Elia akazaliwa, mnene, mwenye kelele. Alikuwa na miezi minne homa ilipokushika, na siku ya tatu ukatuacha. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu.

Sikiliza sasa yaliyotokea ukiwa umeshalala udongoni, maana sijui kama kuna aliyekusimulia.

Shangazi, dada yake baba, ndiye aliyeshika nyumba. Siku ile ile ya maziko alikusanya nguo zako zote, na kaniki ikiwemo, akazifunga furushi, akalitundika darini. Ndiyo desturi, wewe unaijua: nguo za marehemu haziguswi mpaka mwenye nyumba afike na matanga yaanuliwe. Mtu akatumwa Lupa kwa miguu kumwita baba.

Mke wa jirani alimnyonyesha Elia siku mbili. Mwanawe mwenyewe akaanza kuhara, mumewe akamkataza. Ng'ombe wengine wote wa mtaani walikuwa wameshushwa Kamsamba kufuata majani, kwa kuwa ilikuwa kiangazi. Maziwa yaliyobaki kwa mdogo wangu yalikuwa ndani ya Majivu, na Majivu akayabana.

Nilinawa kama ulivyonifundisha. Nikampangusa, nikamwimbia wimbo wako. Alinigeukia, akaninusa begani, akainua kichwa kutazama mlango wa nyumba. Alikuwa anakungoja, mama. Nikapata mafunda mawili kwenye kibuyu, basi. Siku ya nne tangu tukuzike kiwele kilikuwa kigumu, cha moto, na chuchu moja ya nyuma ikatoa maji yenye punje nyeupe. Siku ya sita ikatoa damu. Nikigusa anapiga teke, na mimi kadiri ninavyoogopa ndivyo naye anavyozidi kubana.

Nilijua dawa ilipo, wallahi nilijua. Nikamwendea shangazi, nikapiga magoti. "Shangazi, nipe kaniki ya mama nikamkamulie Elia. Nitairudisha."

Akashtuka kama nimemtukana. "Mwanangu, ukivaa nguo ya marehemu kabla tanga halijaanuliwa, utamvuta na huyu mtoto amfuate mama yake. Mimi nimezika wanangu wawili. Sitaki wa tatu." Alipoona nalia akaongeza, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

Simsemi kwa ubaya. Alimpenda Elia, alimbeba mgongoni mchana kutwa, akampikia uji wa ulezi mwepesi na kumnywesha kwa kiganja. Lakini uji haukukaa tumboni. Mtoto aliyekuwa akilia mpaka ng'ambo ya kijito wasikie, akawa analia kama paka.

Siku ya kumi, adhuhuri, shangazi akaenda kisimani. Elia nilikuwa nimemlaza juu ya ngozi. Nikapanda kinu, nikalishusha furushi. Mafundo yalikuwa matatu. Nikafungua la kwanza, na harufu yako ikanijia, moshi na samli, nikaziona nyuzi za kaniki zikichungulia. Nikamtazama Elia. Alikuwa amefumbua macho, ananitazama kimya. Nikasema moyoni, je, kama ni kweli? Je, nikiivaa nami ndiye nitakayemuua? Nikalifunga fundo, nikalirudisha furushi darini. Shangazi aliporudi na mtungi nilikuwa nafagia uani.

Hili sijamwambia mtu, si baba, si mume wangu.

Elia alikufa siku ya kumi na saba. Baba alifika ya kumi na tisa, miguu imechanika, na kitambaa cha maua alichokununulia. Tulipomweleza mambo ya Majivu na kaniki akasema, "Si mngemvisha tu huyu binti akakamue. Nguo ni nguo." Hakupaza sauti. Shangazi akaanguka chini akalia kilio ambacho sijakisikia tena maishani mwangu.

Matanga yakaanuliwa. Nikaivaa kaniki, nikaenda zizini, sijui kwa nini. Majivu aliilamba, akavuta pumzi ndefu. Chuchu tatu zilikuwa zimekufa. Ile moja ikashusha. Nikakamua mpaka ikalegea, kikombe kizima, nikakaa nacho mapajani mpaka kikapoa.

Siku hizi kuna bwana mifugo anapita huku kwetu na baiskeli, kijana mwenye adabu. Nilimuuliza kwa mbali, kama naulizia ng'ombe wa mtu mwingine. Akaniambia ng'ombe akimnusa ndama wake, akili yake hupeleka habari kwa njia ya damu, na kiwele hufunguka. Akiogopa au akiumia, habari haifiki, maziwa yanabaki ndani yanaoza, kiwele kinavimba. Yeye amesomea. Wewe ulikuwa huwezi hata kuandika jina lako, na uliyajua yote haya. Nilimshukuru, nikampa ndizi za njiani, nikaingia ndani nikalia.

Wanasema majuto ni mjukuu. Mimi wangu nimemlea tangu utotoni, mama, amekua mkubwa kunishinda. Kila nikisikia ile methali ya guu, nataka kusimama kanisani nipige kelele: mimi nililisikia la mkuu! Nililisikia, na mtoto akafa. Nina watoto watano sasa. Kila mmoja alipofika miezi minne nilishindwa kulala.

Akina mama mnaosomewa haya, sina desturi mpya ya kuwaletea. Lakini yakiwafika kama yalivyotufika, mpeni mtoto maziwa kwanza, matanga yasubiri.

Na wewe mama, pumzika. Elia alipokufikia mapema vile, mwepesi vile, najua ulitaka kujua sababu. Usimuulize yeye, alikuwa hajajua kusema. Niulize mimi, siku nitakapokuja.

Ni mimi, binti yako wa kwanza, uliyemwachia Elia.