Ua la Mlimani na Kopo la Vanishi

3 Juni

Dada mpendwa,

Nimekukosea. Nilitaka nianze na salamu, lakini najijua, ningesalimia hadi kuku nikaishiwa karatasi. Hamjambo huko? Shemeji? Watoto? Sisi wazima, ila Mama na magoti yake.

Lile ua la Mama hukuliiba wewe. Nililiharibu mimi.

Si unajua Baba alilishusha kutoka juu kabisa mlimani, kwenye baridi kusikoota hata mti, alipokwenda kumposa. Jeupe, kavu, halinyauki. Mama akaolewa nalo nywelani, na wewe ulikuwa ufuatie. Wiki ya harusi yako nikaona majani yake yameanza kulegea. Sasa mimi seremala, kitu kikilegea najua dawa moja. Nikalipiga vanishi. Haki ya Mungu, nilitaka ling'ae. Asubuhi nikalikuta la kahawia, limejikunja kama mende. Kuligusa tu, likamomonyoka. Nikalifukia kwenye maranda ya mbao.

Mama kukuta kisanduku alimolitunza kitupu, akakumbuka ulivyomsumbua akupe mapema. Akakuita mwizi mbele ya watu. Nilikuwepo, nikatazama viatu vyangu. Ukaolewa bila mama.

Nitapanda mlimani nikuletee jingine. Nisamehe.

Kaka yako

29 Juni

Kaka,

Hatujambo. Mdogo ameota meno, anang'ata hadi meza.

Barua yako imekaa juu ya kabati muda wote huu, kila nikiishika napandwa na hasira. Jana nikamsomea shemeji yako. Kufika kwenye vanishi akacheka, nami nikacheka, halafu nikalia mpaka akanipokonya mwiko. Vanishi, Kaka! Msasa ulikuwa umekwisha?

Mlima uache. Na hilo tumbo utashushwa kwa machela. Halafu mbona unaniandikia mimi? Mimi nilijua tangu mwanzo kwamba sikuiba. Asiyejua ni Mama. Mkubwa wangu ananiuliza bibi yake anafananaje. Namwambia ajitazame kwenye kioo.

Dada yako

9 Julai

Dada,

Salamu zimefika, na za tumbo pia. Mkande huyo mdogo fizi, atatulia.

Umenigusa penyewe. Juzi niliingia kwa Mama, nikamkuta anachambua maharage. Nikaanza, "Mama, lile ua..." Akanikata: "Achana nalo. Nimempoteza mtoto kwa ajili ya ua. Akija leo, nimeshamsamehe."

Nikaomba chai, mwanamume mzima! Lakini tangu hapo sina raha. Mama anataka kukusamehe kosa ambalo hukulifanya, nami nikinyamaza utarudi nyumbani kama mwizi aliyehurumiwa.

Basi sikia. Nimewaita shangazi na baba mdogo, walewale waliosikia ukitukanwa. Jumamosi hii, tarehe 13, kabla chai haijamiminwa, nitasimama mbele ya Mama niseme nililiharibu mimi, na nikakuacha ubebe lawama. Anifukuze, asinifukuze, Jumapili asubuhi nitakuwa mlangoni kwako kuwachukua wewe na wanao.

Kaka yako