Meli Isiyosimama Popote

Dada Melania mpendwa,

Pokea salamu zangu kutoka Guangzhou, huku China. Gazeti lenu tunaletewa na wenzetu wanaokuja kununua nguo na tunalisoma kwa zamu mpaka linachanika, na leo nimeona nikuandikie mimi mwenyewe kuomba msaada, ingawa jambo langu si la mume mlevi wala la wifi mkorofi, ni la kuchagua meli.

Mimi ni mjane, nina watoto wawili, Derick wa miaka kumi na tisa anayesoma lugha ya Kichina hapa kwa ufadhili, na Careen wa kumi na saba aliyemaliza kidato cha nne na amekuja kukaa nami akisubiri matokeo. Baba yao, Cornel, alifariki mwaka jana mwezi wa nne, tukamzika kwenye kihamba chetu, shamba la ukoo, huko nyumbani Kibosho, na matanga yalipokwisha nikarudi huku kwa sababu mzigo ulikuwa njiani na wateja hawajui msiba. Kazi hii tulikuwa tunaifanya pamoja, tunanunua nguo kwenye masoko ya Shisanhang na Guangyuan Xilu, wakala anatupakilia bandarini Huangpu, na Cornel hakukubali kontena lifungwe bila yeye kuwepo, likishatiwa lakiri anaugonga mlango wake mara mbili kwa ngumi, polepole, kama mtu anayebisha hodi kwa jirani, anasema, "Haya, tangulia," kisha ananunua viazi vitamu vya kuchoma na tunakula tumesimama, mimi nikila kile kidogo maana ndicho kitamu. Alikuwa akisema, "Mama Derick, fulana zetu zimepanda meli kuliko sisi. Siku moja nasi tutapanda, na watoto." Hakupanda.

Sasa mwezi ujao ni mwaka mpya wa Wachina, soko lote linafungwa, hata wabeba mizigo wanakwenda kwao, na mimi nimeamua kuwapeleka watoto kwenye meli ya matembezi inayoondokea Hong Kong, kwa sababu mwezi wa tisa Derick anahamia Wuhan kusomea uhandisi na Careen atakuwa nyumbani kidato cha tano, na sijui lini tena sisi watatu tutakula meza moja. Tulikwenda wote kwenye ofisi ya safari, Derick akitafsiri, tukaambiwa meli ni mbili. Ya kwanza ni ya siku tano, inasimama Xiamen na kisiwa cha Hainan, na hiyo niliipenda pale pale maana nasikia Xiamen kuna viatu vizuri, nikataka kujua kila abiria anaruhusiwa kilo ngapi. Derick akagoma kutafsiri.

"Mama, hata likizo unataka kufunga bale?"

"Subiri," Careen akasema, "sasa hivi atamwomba nahodha bei ya jumla."

Wakacheka mpaka yule binti wa ofisini akacheka bila kujua anacheka nini. Wao wanataka ile ya pili, ya siku tatu. Nikauliza, hiyo inasimama wapi? Binti akatikisa kichwa. "Meiyou," akasema, lile neno tunalojibiwa madukani mzigo ukiisha, yaani hakuna. Haisimami popote! Inatoka Hong Kong, inakwenda huko baharini, inageuka, inarudi na watu walewale. Dada Melania, mimi ni mfanyabiashara, tangu lini chombo kikaenda na kurudi na mzigo uleule?

Na chumba nacho kikaleta maneno. Nilitaka kimoja chenye vitanda vinne tulale pamoja kama zamani, Derick akasema basi yeye abaki Guangzhou, ana mtihani, wakati chuo chenyewe kitakuwa kimefungwa. Sikumwelewa, kwa kuwa si mtoto wa kususa.

Jioni yake nilikuwa naanua nguo kwenye kibaraza nikawasikia jikoni. Derick alisema, "Tumwache achague yeye, maskini." Careen akasema, "Mimi nataka meli isiyo na soko. Asiwe na pa kukimbilia. Tangu baba afe hatujakaa naye hata siku moja nzima." Nami nilibaki nimesimama pale nimezikumbatia zile nguo, hata hazikuwa zimekauka.

Ukweli ni kwamba naogopa. Kazi ndiyo inayonishika nisianguke, nikiketi kwenye kiti nikatazama maji kutwa nzima nitalia, na watoto hawajaniona nikilia tangu siku ya mazishi, na mimi nataka wakumbuke safari ya furaha. Nichague meli ipi? Ofisi inataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi, ndiyo maana barua hii naituma kwa faksi.

Ni mimi, Felisia, Guangzhou.

*

Felisia mdogo wangu,

Pole sana kwa kuondokewa na Cornel. Mwanamume aliyebisha hodi kwenye kontena hasahauliki, na sitakuambia umsahau.

Sasa nikugombeze kidogo. Umeandika kwa mkono wako kwamba mwaka mpya ukifika soko lote linafungwa. Xiamen si China? Hainan si China? Ulitaka kununua viatu kwa nani, mama, kwa samaki? Mtu aliyezunguka Shisanhang miaka yote hiyo hakosei jambo jepesi namna hiyo. Ulikuwa unatafuta mlango wa kutokea, na binti yako amekuona.

Panda meli isiyosimama popote. Safari hii mzigo ni ninyi watatu, na heri urudi kamili.

Halafu unashangaa Derick anasingizia mtihani. Felisia, huyo ana ndevu! Kijana wa miaka kumi na tisa alale chumba kimoja na mama yake mzazi, avulie suruali wapi? Heshima ilimzuia kukuambia, akaona afadhali abaki. Baba yake angekuwepo angelimaliza hilo pale pale ofisini kwa kukutazama tu, sasa ni lazima ulione mwenyewe. Chukua vyumba viwili vinavyopakana, wewe na Careen kimoja, yeye kingine. Omba vya katikati ya meli na vya chini, huko haiyumbi sana, na ubebe tangawizi na vidonge vya kichefuchefu, maana bahari haichagui mkubwa wala mdogo.

Jambo ambalo wafanyabiashara mnalisahau: ukivuka kwenda Hong Kong umetoka China. Kabla hujalipa chochote, tazama kama visa yako na ya Careen zinaruhusu kuingia tena, na Derick aulize chuoni kuhusu kibali chake. Nisije nikasikia mmekwama mpakani na nguo za kuogelea mkononi.

Huko melini usiwafuate nyuma kama askari. Watataka bwawa, watataka disko, waache, ila waende wawili na warudi wawili. Kwenye kamari asikanyage mtu. Wewe dai kitu kimoja tu, chakula cha jioni meza moja.

Kuhusu kulia: lia. Unadhani ukijizuia wao wanapata nafuu. Wanaona mama anayeondoka kila jina la baba linapokaribia, nao wamejifunza kulimeza. Waambie habari za viazi vitamu, na nani alikula kile kidogo. Nina hakika Careen hazijui. Machozi yakija, Derick atakushika bega, nawe umpe nafasi hiyo, ameingoja muda mrefu.

Umeniambia ulivyorudi huko matanga yalipokwisha, hukuniambia kama umewahi kwenda tena Kibosho. Desemba imepita, na Mchagga kutoonekana nyumbani Krismasi si jambo dogo. Hilo nakusamehe kwa mwaka huu. Lakini matokeo yakitoka, Careen usimpakie ndege peke yake kama kifurushi. Mpeleke mwenyewe mpaka Kibosho, mkapalilie kaburi pamoja.

Jibu hili nimelitanguliza kwa faksi kabla gazeti halijatoka. Kesho asubuhi nenda ofisini na watoto wote wawili, na Derick atafsiri kila unachosema.

Na siku ya safari, meli itakapoanza kuiacha gati, simama nao juu ya sitaha, ukingoni. Gonga chuma mara mbili kwa ngumi, polepole, useme yale maneno ya Cornel kwa sauti. Wakikuuliza ni ya nini, hapo ndipo pa kuanzia.