Simu Uliyoikata

Mwanangu,

Kaa chini usome, na usinikunjie uso, maana uso huo nimeuzaa mimi na najua ukikunjwa unataka kusema nini. Wewe ni mtu mzima ovyo. Nimetafuta neno jingine la kuanzia barua, nikalikosa. Mwanaume mwenye karakana yake na mke wake, mwenye vijana wanaomwita bosi, anaogopa simu ikilia kama mwizi anavyoogopa hodi. Aibu nimeona mimi, wewe hata hujui kama ipo.

Haya, sasa salamu, maana mama yangu hakunilea porini. Hujambo wewe? Macho yako hayajambo, au bado unachomelea vyuma bila miwani ukijifanya kichwa kigumu? Kile kikohozi cha moshi kimekuacha? Mkeo msalimie sana, mimi na yeye hatuna neno. Kwangu mimi ni mzima, ukiacha goti la kushoto, ambalo tangu lizaliwe halijawahi kunitii, nadhani ni pacha wako. Binti yako ninayekaa naye si mzima. Haumwi mahali popote, lakini si mzima, na ndiyo sababu nimekaa na kalamu tangu asubuhi, mimi niliyejifunza herufi nikiwa tayari na mvi. Herufi zikiwa zimepinda zinyooshe mwenyewe. Maneno yamenyooka.

Barua nampa rafiki yako Kipara, yule mpaka rangi wa mageti yako, kwa sababu yeye ukimwona hufungi mlango. Nimemwambia asimame hapo hapo mbele yako mpaka ufike mwisho. Ukiichana ana ruhusa yangu akumwagie kopo la rangi, na achague rangi mbaya.

Jambo lenyewe ni hili. Binti yako alipata nafasi chuo kikuu, na nafasi hiyo wameiondoa.

Najua hukujua hata kwamba aliomba. Alifaulu vizuri, vizuri kuliko wewe ulivyowahi kufaulu kitu chochote, na yule kijana wa duka la fotokopi akamjazia maombi kwenye kompyuta. Anataka kusomea maji. Nilicheka. Nikamwuliza maji yanasomewa nini, mimi nimeyachota na kuyachemsha umri wangu wote bila digrii na hakuna aliyenifia. Akanieleza kwa upole namna maji ya mji mzima yanavyopimwa na kusafishwa. Basi nikatembea mtaa mzima natangaza. Hata mbuzi wa jirani alijua kwamba mke mwenzangu anakwenda chuo kikuu.

Baada ya kuomba akabadilika. Kisimu changu kikilia, anatoka uani mbio na mikono ya sabuni, anatazama ni nani, kisha ananikabidhi na uso umemshuka. Nikasema moyoni, hapa kuna mvulana. Nikamkalisha nikamhubiria habari za wavulana, hubiri refu, na alinisikiliza kwa adabu mpaka nilipochoka mwenyewe. Akasema hakuna mvulana, bibi. Nikamwambia ndivyo wanavyosema wote.

Binti wa fundi cherehani akapata ujumbe wa chuo. Akapata na mtoto wa fundi viatu, ambaye tulidhani kazi yake ni kula tu. Wetu kimya. Nikamwambia avute subira, neno jepesi sana kwa yule anayelisema. Mwishowe akaenda mwenyewe kwa kijana wa fotokopi, wakafungua ukurasa wa chuo, na pale palikuwa na jina lake. Alichaguliwa, na mapema, kabla ya hao wote. Ila kumbe aliyechaguliwa hutumiwa kwenye simu ujumbe wenye tarakimu fulani, naye azirudishe chuoni ndani ya muda waliopanga kuonyesha kwamba nafasi ameikubali. Asiyezirudisha huhesabiwa amekataa. Binti yako amehesabiwa amekataa.

Alirudi nyumbani akaosha vyombo vyote, hata vile visafi vilivyokuwa kabatini. Akavifuta, akavipanga. Ndipo akaniambia, amesimama, kama anayenisimulia habari za mtoto wa watu. Nikamwambia keti. Akasema amechoka kuketi.

Tangu siku hiyo anakula ili ninyamaze tu. Ameenda kiwanda cha sabuni kuomba kazi ya kufunga vipande kwenye makaratasi, na msimamizi amemwambia aanze wiki ijayo. Kazi si aibu, mimi nimepiga deki nyumba za watu ili wewe uote mabega hayo. Kinachonitisha si sabuni. Amegawa vitabu vyake. Amewapa watoto wa jirani kimoja kimoja, pamoja na kalamu, pamoja na lile sweta jekundu nililomfumia mwenyewe, na anagawa huku anatabasamu. Mtoto anayelia simwogopi, nambembeleza. Anayegawa vitu vyake na kutabasamu namwogopa. Siku hizi namwita kila wakati kwa kazi zisizo na kichwa wala miguu, lete kijiko, rudisha kijiko, nisikie tu anaitika.

Watu wameniambia maji yakimwagika hayazoleki. Hilo walilisema wasio na ndoo wala tambara. Mimi nilivaa nguo yangu ya heshima, nikamshika mtoto mkono, tukaenda huko chuoni.

Mlinzi wa getini aliniuliza nimekuja kuuza nini. Nikamwambia nimekuja kununua, anionyeshe aliyeuza nafasi ya mjukuu wangu. Akatupitisha. Ofisi ya udahili iko mwisho wa ukumbi mrefu wenye mabenchi yaliyopigiliwa sakafuni, utadhani wanaokuja pale ni wezi wa mabenchi. Dirisha lao lina kitundu chini kabisa, lazima uiname ndipo usikike. Sikuinama. Nilisema nikiwa nimesimama wima mpaka karani, msichana mdogo aliyepandisha miwani kwenye nywele, akaona vyema atoke aje kwa upande wetu.

Nikamweleza kwamba chuo chao kinasema uongo, hakuna ujumbe uliofika kwetu. Akaenda kwenye kompyuta yake, akatafuta, akarudi. Akasema ujumbe ulikwenda, na haukwenda mara moja. Tena kwa kuwa alama za mtoto zilikuwa za juu, hawakupenda wampoteze, wakapiga na simu kabisa. Simu za mwanzo hazikupokelewa. Ya mwisho ilipokelewa. Nikamwuliza aliyepokea alisema nini. Akasema haina haja, bibi. Nikamwambia mimi si mtoto wa kufichwa dawa ndani ya uji, asome.

Akasoma kwa sauti ya chini. Kwamba mwenzake alipopiga alimwambia mwenye simu anapiga kuhusu binti yake, na kabla hajamaliza, mwanaume aliyepokea akamkata kauli. Akasema yeye hana mama, na huyo binti anayetajwa hamjui, na wasimtege tena. Akakata. Ofisini wakaandika kwamba mwenye simu amekana kumfahamu mwombaji, wakafunga shauri, nafasi ikaenda kwa mwingine.

Nikasema namba hiyo imekosewa. Karani akaanza kuisoma, na alipofika katikati mimi ndiye niliyeimalizia. Ni yako. Naijua kama ninavyojua idadi ya meno yaliyobaki kinywani mwangu. Nikamgeukia mtoto. Alikuwa anatazama sakafu.

Tulikaa kwenye moja ya yale mabenchi. Nikamwuliza kwa nini aliandika namba ya mtu ambaye hata salamu hatuletei, na simu yangu ipo, tena ina chaji. Nilikuwa tayari nimejaza mdomo wa kumgombeza. Akaniambia alitaka habari hizo, zikija, zikufikie wewe kwanza. Akasema, ili baba awe na sababu ya kunipigia.

Sasa unajua kwa nini alikuwa anakimbilia kisimu changu na mikono ya sabuni. Alikuwa anakungoja wewe, si chuo. Na hakuniambia kwa kuwa mimi nilipiga marufuku jina lako kutajwa ndani ya nyumba hii. Mdomo wangu unaujua, mwanangu.

Yeye anaamini ulichosema. Anaamini umesema humjui. Mimi najua ulikuwa unamjibu nani, na wewe unajua, lakini yeye alikuwa hajui, kwa sababu sikuwahi kumwambia. Basi acha niliandike hapa.

Tulipogombana, ulipoifungia namba yangu isiingie kwako, niliazima simu ya fundi cherehani nikakupigia. Ulipoijua hiyo, nikaazima ya muuza maziwa. Kisha ya kinyozi. Kila ukipokea ni mimi, na kila nikipokelewa ni matusi yangu yale yale, mpaka ukaacha kupokea namba yoyote usiyoijua. Ndipo nikamwendea mama wa duka la dawa, mtu wa watu, sauti ya hospitali, nikamfundisha cha kusema katika ujumbe wa sauti. Kwamba anakutafuta kuhusu binti yako, ameanguka, amebebwa hajitambui. Ukaja. Ulikuja kwenye mvua na lile koti lako la kuchomelea, hujafunga hata kamba za viatu. Mtoto nilikuwa nimemtuma sokoni makusudi. Ulinikuta mimi nimekaa kwenye kiti nakungoja na maneno yangu niliyoyapanga. Ulishika fremu ya mlango ukalia. Kisha ukasema nisimtumie mtoto wako tena, ukaondoka, na mimi nikajiambia nimeshinda, kwa sababu angalau umekuja.

Mtego ule niliutega mimi, na aliyenaswa ni mtoto. Ujumbe wa chuo ulipokufikia, na yule dada wao aliposema anapiga kuhusu binti yako, wewe ulinisikia mimi. Hata mimi, ningekuwa wewe, ningekata. Hilo silisemi mara mbili.

Juzi nilimweleza yeye yote, kama nilivyokuandikia. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama alivyosikiliza lile hubiri la wavulana. Akasema, bibi, hata sasa huenda unanidanganya ili nile. Unaona mahali nilipofika? Nimesema kweli na sina wa kuniamini, si wewe huko wala yeye hapa. Na wewe sasa hivi unajiuliza kama barua hii nayo ni mtego. Muulize Kipara. Alikuja kuichukua kabla sijaimaliza, akamwona mtoto kwa macho yake, akatoka nje akajifanya anatafuta baiskeli yake ilhali alikuwa ameiegemeza mlangoni.

Mkuu wa udahili ni mzee aliyechoka, lakini alitusikiliza. Amesema kuna mmoja aliyechaguliwa hakuripoti, nafasi yake iko wazi, na kamati inayosikiliza rufaa inakaa Ijumaa hii asubuhi. Ila kwa kuwa imeandikwa kwamba mwenye simu alimkana mwombaji, anayeweza kulifuta hilo ni mwenye simu peke yake. Aje yeye mwenyewe, na kitambulisho chake, na simu yenyewe. Barua haikubaliki. Bibi hakubaliki, nimejaribu, nimelia hata, mimi, mbele ya watoto wenye tai. Hakutuahidi kitu. Amesema tu kwamba kamati ikimsikia mwenye simu inaweza kufikiri upya, na ikipita Ijumaa, orodha imefungwa mpaka mwaka ujao. Wanaona mwaka ujao ni karibu. Mimi nikimtazama mtoto machoni siuoni mwaka ujao humo.

Wasalimu vijana wa karakana, waambie wakuache uende. Mkeo mwambie akupigie pasi shati, lile lenye vifungo vyote. Jirani fundi viatu anakusalimu, na mama wa duka la dawa anakusalimu kwa haya. Hasira zako juu yangu ni halali yako, sizikatai. Zitunze mpaka Jumamosi. Jumamosi njoo, nitakaa kwenye kiti kile kile, nitafunga mdomo, na utasema mpaka ukauke koo. Maji ya kunywa nitakuwekea.

Lakini sasa zima mashine. Chukua kitambulisho na hiyo simu, usifute kitu ndani yake, hata kile ulichonitukania. Ijumaa uwe kwenye lile dirisha kabla halijafunguliwa, na ukikuta kitundu kiko chini, wewe inama. Watakuuliza wewe ni nani kwa mwombaji. Mtoto atakuwa amesimama nyuma yako. Jibu kwa sauti.

Mama yako