Nabintu Amepata Ufadhili

Mama Nabintu mpenzi,

Mimi na mtoto wako tu wazima hapa Kampala. Mvua imeharibu matofali, lakini kazi ipo. Bado nabeba saruji kwenye ujenzi wa Kanali mstaafu Opoka na mkewe Joska, naye mwanajeshi, huku mtaa wa Ntinda.

Mtoto amepata shule. Wale wawili wameanzisha ufadhili kwa watoto wa maskini, wanasema wanarudisha fadhila kwa jamii, na Nabintu ndiye wa kwanza. Furahi, lakini sikia alivyopewa.

Siku ya sherehe nilimvalisha gauni la kanisani na viatu vyeupe ulivyomtumia. Afande Joska akaniita kando.

"Elisée, huyu ndiye maskini wako? Mbona amependeza kuliko wajukuu wangu? Mvue viatu, picha zitoke vizuri."

"Na umpake vumbi kidogo," Kanali akadakia. "Si unalo la kutosha?"

Wageni wakacheka.

Nabintu akaninong'oneza, "Papa, usikubali."

Ada ni ya miaka sita, mke wangu. Nilipiga magoti nikamvua viatu mwenyewe, nikampaka vumbi la saruji miguuni kwa mikono hii. Wakampiga picha, wakapiga makofi, nami nikapiga.

Watu wale wananitia kichefuchefu, hata chai yao siinywi tena. Lakini mtoto mwenyewe hawataji watu hao kabisa. Jana alijikwaa, kidole cha mguu kikatoka damu. Nilipoinama nimfunge kitambaa, aliuvuta mguu wake, akasema atajifunga mwenyewe.

Mwandikie wewe. Mimi hanisikilizi.

Mumeo,
Elisée