Mtumbwi Ulale Mlangoni

Kambi ya miwa, Jumapili

Mama Deo, mke wangu,

Pokea salamu zangu zote. Mpe Mama shikamoo yangu. Miguu yake bado inamsumbua? Deo ameacha kukohoa? Mimi nipo, mgongo tu umechoka kwa kukata miwa, lakini leo siusikii kwa furaha. Hebu sikiliza.

Mawingu yalipoanza kukusanyika nilitia kiberiti, chumvi na kadi ya kazi ndani ya kopo, nikaziba kifuniko kwa nta ya mshumaa, nikalitundika darini. Masanja, yule Msukuma tunayekaa chumba kimoja, akanicheka mbele ya watu: "Mndamba mzima, umezaliwa majini halafu unaogopa mvua!" Juzi mchana mfereji ukapasuka, maji yakatufika magotini. Kambi nzima hakuna aliyeweza kuwasha moto ila sisi! Sasa Masanja ananiita Nuhu, na chumvi anaomba kwangu.

Basi nikawaza kwetu. Mwaka jana tulikosea kama kijiji kizima: mtumbwi tuliufunga kivukoni. Mto ulipofurika ulianza kubeba mitumbwi, ndipo ukazifuata nyumba. Mama akakaa siku mbili juu ya dungu la kulindia ndege, wewe na Deo mko ng'ambo, hamna cha kumfuatia.

Mwombe kaka yako auburute mtumbwi hadi nyumbani, aufunge kwenye nguzo ya mlango. Kamba iwe ndefu, maji yakipanda, mtumbwi nao upande. Watu watacheka. Wacheke! Mbegu ya mpunga itoe kwenye kihenge, ipandishe darini. Halafu, jua likiwaka, mwingize Mama mtumbwini mara mbili tatu, azoee na miguu yake hiyo. Najua atasema: "Mwanangu miwa imemlevya! Nipande mtumbwi kwenye vumbi?"

Mwache agombe. Uliniambia siku mlipomshusha dunguni hakutamka neno mpaka jioni. Mama yangu, kunyamaza! Safari hii maji yakija, nataka nisikie amegomba njia nzima.

Nisalimie kaka yako mvuvi, shangazi wa vitumbua, na baba mdogo katekista, aache kupanda baiskeli kwenye matope.

Anayekuletea barua hii atarudi huku wiki ijayo. Katika majibu yako anza na hili, kabla hata ya salamu: mtumbwi umelala wapi?

Ni mimi mumeo,
Baba Deo